Kompyuta moja, watu kumi na wawili

UKISHUKA kutoka Muyenga kwenda Namuwongo, ukaipita Hospitali ya International na kuendelea chini kuelekea reli iendayo Port Bell, utafika mahali ambapo nyumba za matofali zinaisha na za mabati zinaanza. Hapo katikati ndipo ilipo shule ninayofundisha. Nyuma ya darasa la saba kuna chumba kidogo chenye dirisha moja la nondo, na ndani yake, kuanzia mwaka 2007 hadi 2018, watoto wa mtaa huu walijifunza kompyuta kwa njia ambayo nchi tajiri zilikuwa zimekwisha kuitupa.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza. Chumbani kulikuwa na vioo kumi na viwili na kibodi kumi na mbili, lakini kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa moja tu. Wanafunzi waliiita "mama". Vile vingine vyote vilikuwa macho na vidole vyake. Mama akiamka wote wanaamka, na mama akilala hakuna anayebaki macho.

Nimeamua kuandika habari hizi kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tuliorudi nyumbani na wenzetu wanaovuka mipaka na mizigo kila wiki, tunatumia mpangilio huo huo kila siku bila kuujua. Pili, mwaka 2011 mpangilio huo uliniletea aibu ambayo sijaisahau, na kosa lilikuwa langu.

Habari yenyewe ilianza mwaka 2006, shule ilipopokea kompyuta kumi na mbili zilizokwisha kutumika, msaada kutoka ng'ambo. Zilikuwa Pentium za zamani, nyingine zikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 64 tu. Windows ya wakati ule ilichukua dakika nyingi kuamka, na ikiamka inakuta virusi wamekwisha kukaa sebuleni. Huo ulikuwa pia mwaka wa mgao mkali wa umeme, maji ya Ziwa Victoria yalipopungua na mitambo ya Jinja ikashindwa kuzalisha umeme wa kututosha. Miezi mitatu baadaye zilikuwa zimebaki kompyuta nne nzima, na darasa lilikuwa na watoto sitini.

Kulikuwa na fundi mmoja mtu mzima, jirani yangu, ambaye tulizoeana kwa sababu ya Kiswahili. Mimi nilisomea Kenya tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, baada ya wazazi wangu kukimbia vita vya miaka ya 1980. Yeye miaka hiyo hiyo alikuwa Nairobi, mfanyakazi katika chumba cha kompyuta cha kampuni ya bima. Tukikutana Namuwongo tunazungumza kama watu wa Eastleigh, na majirani hutucheka. Nikamwita aje azitazame zile mashine.

Alizifungua moja moja, akapuliza vumbi, akacheka.

"Mwalimu, hizi si mbovu," akasema. "Zimepewa kazi iliyozizidi umri. Nitafutie moja yenye nguvu, hizi nyingine tuzifanye vioo tu, kama zamani."

"Zamani ipi, mzee?"

"Zamani kabla kila mtu hajataka ya kwake."

Tukachangishana na wazazi, tukanunua kompyuta moja yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili. Hiyo ndiyo ikawa mama.

Mtu ambaye hajawahi kuona mpangilio huu atauliza, inawezekanaje kompyuta moja iwahudumie watu kumi na wawili kwa wakati mmoja? Mwambie aende asubuhi kwa kijana anayeuza rolex pale kituo cha boda boda. Kijana ana jiko moja, kikaango kimoja na mikono miwili. Wateja ni kumi. Huyu anakoroga mayai yake, wa pili chapati yake inageuzwa, wa tatu anakunjiwa, wa nne anarudishiwa chenji. Kwa kuwa kijana ana kasi, na kwa kuwa kila mteja muda mwingi anasubiri tu, wote wanaona wanahudumiwa. Kompyuta hufanya vivyo hivyo, ila inageuka kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine mara nyingi katika sekunde moja. Mtoto anayeandika barua hubonyeza herufi mbili tatu kwa sekunde, na baina ya herufi na herufi kompyuta imekwisha kuwazungukia wenzake wote na kurudi.

Programu inayopanga zamu hizo, ikihakikisha faili la huyu haliguswi na yule, ndiyo iitwayo mfumo endeshi wa watumiaji wengi. Kioo na kibodi anachokalia mtumiaji ndicho teminali. Teminali halisi ya zamani haikuwa na diski wala programu ya kuandikia. Ilikuwa na akili ndogo ya kuchora herufi tu, na waya nyuma.

Wazo hili lilianza kuonekana hadharani Novemba 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani. Profesa Fernando Corbató na wenzake waliiunganisha kompyuta ya IBM 709 na mashine nne za kuandikia, ili watu wanne waitumie pamoja. Wakati ule kompyuta moja iligharimu fedha za kujengea mtaa mzima, na desturi ilikuwa kukabidhi kazi yako kwenye kadi zilizotobolewa matundu, kisha unarudi kesho kuulizia majibu. Mfumo wa Corbató uliitwa CTSS, na ni miongoni mwa mifumo ya kwanza duniani kumdai mtumiaji neno la siri. Kompyuta ikiwa ya wengi, kila mmoja anahitaji ufunguo wa chumba chake.

Kuna kisa kimoja cha CTSS ambacho fundi alikuwa akikipenda, nami nimewasimulia wanafunzi wangu mara nyingi. Mwaka 1966 wasimamizi wawili waliketi kwenye teminali mbili kwa wakati mmoja. Mmoja alikuwa akirekebisha salamu inayotokea mtu anapoingia, mwingine akirekebisha orodha ya maneno ya siri. Programu ya kuhariri ilikuwa imetengenezwa kwa kudhani kwamba katika kabati lile ataingia mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo karatasi zote mbili za muda zilipewa jina moja. Zikabadilishana. Kuanzia hapo kila aliyeingia, badala ya kupata salamu, alisomewa maneno ya siri ya watumiaji wote. Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hicho mbele ya wanataaluma wenzake miaka mingi baadaye, na sidhani kuna somo bora zaidi la maana ya kuchangia mashine.

Teminali za mwanzo hazikuwa hata na kioo. Ile iliyoenea sana, Teletype Model 33 ya mwaka 1963, ilikuwa mashine ya kupiga chapa kwenye karatasi kwa kasi ya herufi 10 kwa sekunde, kelele yake ikisikika hadi nje. Kioo cha kawaida cha teminali zilizofuata kilikuwa na mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja, yaani herufi 1,920. Teletype ingechukua zaidi ya dakika tatu kuzipiga zote. Teminali ya kioo, kwa kasi ya kawaida ya waya wake, ilizijaza kwa sekunde mbili hivi. Mwaka 1978 kampuni ya Digital ilitoa teminali yake ya VT100, nayo ikawa kama kipimo cha dukani. Kampuni nyingine zikafuata lugha yake ya alama za kufuta mstari, kusogeza kidoti na kung'arisha neno. Mpaka leo, ukifungua dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta ya Linux, ndani yake kuna programu inayojifanya ni mrithi wa VT100, ingawa Digital yenyewe ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998 na jina lake likafifia.

Linux nayo ina undugu na habari hii kuliko wengi wanavyofahamu. Unix ilianzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwaka 1969, na tangu ilipokomaa ilikuwa ni ya watu wengi kwenye mashine moja. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alikuwa akiandika programu ya kuigeuza kompyuta yake ya nyumbani iwe teminali, ili aingie kwenye Unix ya chuo kikuu bila kutoka chumbani. Programu ile ikakua, ikaota miguu, ikawa Linux. Yaani mfumo uliomwendesha mama yetu Namuwongo ulizaliwa kutokana na mtu aliyetaka kioo tu.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa hatua nyingine. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, mashine ya ICT 1500 iliyowekwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali hiyo hiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa mashine kwenda mrama. Ndugu zetu Waganda waliokuwa uhamishoni Dar es Salaam miaka ile walikuta nchi ambayo kompyuta ni kitu cha magendo. Hapa Uganda, Makerere ilifungua Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikawapo chuoni kituo cha barua pepe kilichojulikana kama MUKLA. Hapakuwa na intaneti ya kufunguka moja kwa moja. Barua za watu wengi zilirundikwa kwenye mashine moja, kisha modemu inapiga simu nje na kuzibadilisha na zilizoingia, kama gari la posta linalokuja kwa siku zake. Waliotumia huduma hiyo hawakuhitaji kumiliki chochote, ila jina ndani ya mashine ya pamoja.

Nirudi Namuwongo. Fundi aliweka Linux pamoja na programu ziitwazo LTSP, mradi ulioanzishwa na Mmarekani Jim McQuillan mwaka 1999 kwa ajili ya kazi hii hasa. Kompyuta zile nzee, tukang'oa diski zao zote kumi na moja zilizofaa, na kila moja ilipowashwa iliomba roho yake kutoka kwa mama kupitia waya. Kumi na moja, kwa sababu ya kumi na mbili haikufufuka. Nafasi yake ilijazwa na teminali halisi ya Wyse 60 ambayo fundi aliinunua Nairobi kwa bei ya chuma chakavu, akaifunga kwa blanketi na kuileta kwa basi.

Pale Malaba ofisa akamuuliza kama ni televisheni, maana ushuru wake ni mwingine.

"Hapana, bwana mkubwa, ni ya kompyuta."

"Kompyuta yenyewe iko wapi?"

"Iko Kampala."

"Na hii inafanya nini?"

"Inaitazama."

Ofisa alimtazama kwa huruma, akampisha.

Wyse ile ilikuwa na maandishi ya kijani na kibodi nzito inayolia ta-ta-ta. Watoto waliigombania kuliko zote. Ilikuwa na tabia moja nzuri wakati wa mgao. Mama alikuwa na betri, vioo havikuwa nayo. Umeme ukikatika, kompyuta zile kumi na moja zilipoteza kilichokuwa wazi, na mtoto alibaki na kile tu alichokwisha kukihifadhi. Lakini aliyekuwa kwenye Wyse, umeme ukirudi, alibonyeza ufunguo mmoja na kukuta sentensi yake pale pale alipoiachia, kwa kuwa kazi ilikuwa ikiendelea kwa mama muda wote na waya wake wa nyuzi tatu haukumjulisha mama kwamba kioo kimezimika. Ubaya wa jambo hilo tuliuona baadaye, mtoto mmoja alipokalia kiti na kujikuta yumo ndani ya barua ya mwenzake.

Watoto sitini waliketi watano kwa kila kioo. Tuliwawekea programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya Uswidi ya IT+46 na kutolewa Desemba 2004. Mtoto wa kwanza kuifungua asubuhi alisubiri sana. Wa pili hakusubiri hata kidogo, kwa sababu programu imekwisha kupanda kwenye kumbukumbu na wote wanapanda gari lile lile. Wakajifunza upesi kutegeana, kila mmoja akingoja mwenzake afungue kwanza. Nikaamua kuamka mapema na kuifungua mwenyewe.

Siku moja darasa lilikuwa kimya kupita kiasi. Nilipozunguka nikagundua wamevumbua amri ya zamani ya Unix iitwayo write, inayotupa maneno yako moja kwa moja kwenye kioo cha mwingine. Wanatukanana kwa Kiganda, Kiacholi na Kiswahili cha Kongo, bila kutoa sauti. Niliwaadhibu, lakini moyoni nilifurahi. Siku nyingine kijana mmoja aliandika programu ya mistari mitatu inayojizaa yenyewe bila mwisho, na vioo vyote kumi na viwili vikaganda. Kelele zilizopigwa siku ile zilimfundisha maana ya mali ya wote kuliko hotuba zangu zote za uraia. Fundi akaja, akamwekea kila mtoto kikomo cha nafasi na cha kazi. Akaniambia Nairobi walifanya hivyo hivyo, na aliyevuka kikomo mara kwa mara alikuwa mkurugenzi.

Jambo jingine alilonieleza kuhusu Nairobi sikulitilia maanani. Kila jioni, alisema, kazi ya siku nzima ilinakiliwa kwenye utepe wa sumaku. Kijana mmoja aliuweka utepe huo mfukoni, akavuka barabara na kuufungia katika jengo jingine. Mvua, maandamano, Krismasi, utepe ulivuka barabara. Mameneja walibadilika, mashine zikabadilika, lakini hakuna aliyethubutu kuiondoa safari ile ya jioni.

"Nawe, Mwalimu, utepe wako unavuka wapi?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba sisi ni shule ndogo, tuna diski moja na haina shida.

Februari 2011 diski ya mama ilianza kutoa sauti ya kugonga, kama mtu anayebisha mlango. Siku ya tatu ikanyamaza. Ndani yake zilikuwamo alama za wanafunzi wote kuanzia 2007 hadi mwisho wa 2010. Tulikuwa tukichapa ripoti na kuwapa wazazi, lakini sote tunajua karatasi inavyoishi Namuwongo. Mfereji wa Nakivubo ukifurika, maji huingia hadi chini ya godoro, na chini ya godoro ndipo ripoti zinapowekwa.

Na huo ulikuwa mwaka gani? Sudan Kusini walikuwa wamepiga kura Januari ya mwaka ule, na uhuru wao ulitangazwa Julai 9. Familia zilizoishi Kampala kwa miaka mingi zilikuwa zikifunga mizigo kurudi kwao. Kila mzazi alikuja kuomba barua ya uhamisho yenye alama za mtoto, ili akapokewe shule ya Juba au Yei bila kurudishwa madarasa mawili nyuma.

Mama mmoja mwenye watoto watatu, aliyewahi kuishi Kakuma na kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili, alisimama mlangoni pa chumba kile huku akikitazama kioo kimoja baada ya kingine.

"Mwalimu, unaniambia alama za watoto wangu zimekufa?"

"Zimepotea, mama. Mashine imeharibika."

"Lakini mashine ziko nyingi hapa. Mbona iharibike moja, zipotee zote?"

Sikuwa na jibu la kumpa mtu mwenye tiketi ya basi mkononi. Nilikumbuka marehemu baba yangu, ambaye mwaka tuliorudi alibeba cheti changu cha Kenya ndani ya shati, kimefungwa kwa nailoni, kutoka Nairobi hadi Kampala, asikiweke hata kwenye sanduku. Mtoto wa mkimbizi hujua tangu utotoni kwamba bila karatasi ile umri wake wote darasani hautambuliki. Nami niliyeyajua hayo nilikuwa nimeziweka karatasi za watoto mia kadhaa mahali pamoja, kisha nikafunga mlango na kwenda nyumbani kulala.

Tuliokoa sehemu. Walimu wawili walikuwa bado na madaftari yao ya alama, mmoja akiwa anayafungia sukari. Mwanafunzi mmoja alikuwa amenakili faili la darasa lake kwenye diski mweko bila ruhusa, nasi tukamshukuru badala ya kumchapa. Kwa wiki tatu tuliandika barua kwa mkono. Watoto wa yule mama walipata alama za miaka miwili tu kati ya minne. Alizipokea, akazikunja, akaniaga vizuri. Laiti angenigombeza.

Wafanyabiashara wana msemo wao, mali bila daftari huisha bila habari. Tangu mwezi Machi mwaka ule mama alipewa diski mbili zinazoandika jambo lile lile kwa pamoja, na kila Ijumaa nakala ya tatu ilitoka nje ya shule. Mwaka 2014 vibanda vya kando ya reli vilipobomolewa, watu walipoteza karatasi kwa mkupuo mmoja kuliko mafuriko yote. Wazazi walipokuja kuulizia ripoti, tulizichapa upya zote asubuhi moja, na saa sita mchana printa ilikuwa bado ina moto.

Sasa nije kwa msomaji anayevuka Busia, Malaba, Mpondwe au Elegu. Chukua simu yako ya tochi, ile isiyo na intaneti, ubonyeze *165#. Orodha inayotokea haimo ndani ya simu. Imetumwa na mashine iliyo mbali, na kila jibu unalobonyeza linarudi huko. Ujumbe mmoja wa aina hiyo hauzidi herufi 182, yaani hata sehemu ya kumi ya kioo cha VT100 haijafika. Simu yako hapo ni teminali tu, kama ile Wyse ya fundi, nawe ni mmoja wa mamilioni wanaongoja zamu kwenye kikaango kimoja. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na MTN wakaanzisha huduma yao Uganda Machi 2009.

Ofisa wa forodha naye yuko katika hali hiyo hiyo. Mfumo wa ASYCUDA, ambao mliozoea upande wa Kongo na Burundi mnauita Sydonia, ulianzishwa na shirika la UNCTAD mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya nchi za Afrika Magharibi. Toleo lake la miaka ya 1990, ASYCUDA++, lilikaa juu ya mashine kubwa za Unix, huku maofisa wakiingia kutoka kwenye vioo vyao. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimeendelea na toleo la baadaye. Kenya ilichagua njia yake, ikaanza na mfumo wa Simba mwaka 2005 kisha iCMS. Kwa hiyo dereva anapoambiwa mpakani kwamba "sistimu imelala", asimkasirikie sana kijana aliye dirishani. Yeye ana macho na vidole tu. Mama yake yuko mbali.

Sisemi watu waache kutumia. Nami natumia. Nasema tu kwamba mpangilio huu, kila uliposimikwa, ulikuwa na mtu aliyejulikana kwa jina ambaye kazi yake ni kuvuka barabara na utepe, na ungeweza kumwuliza. Februari 2016, siku za uchaguzi, huduma za fedha za simu zilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Nilimwona mchuuzi wa samaki hapa kwetu, mwenye mtaji wake wote ndani ya laini, akikopa sabuni. Aliyekuwa na daftari la wadai na wadaiwa, pamoja na noti chache kwenye kopo, alifungua duka. Mashine zilipowashwa fedha zilikuwapo zote, hakuna aliyedhulumiwa, lakini samaki walikuwa wamekwisha kuoza. Wakala wangu wa mtaani tangu siku zile huandika kila muamala kwenye kitabu cha kurasa 96, saa na kiasi, ingawa simu humletea ujumbe. Wateja wengine humwona mshamba.

Mwaka 2018 tulipata kompyuta mpakato, na chumba kile kikabadilika. Kila mtoto ana mashine yenye akili yake, ikiharibika moja nyingine haijui. Ni jambo jema. Ila hakuna tena anayempigia kelele mwenzake kwa kula nafasi ya wote, na faili za kila mmoja zimetawanyika kiasi kwamba kuzikusanya ni kazi ya mwezi. Wakubwa wa elimu wanatushauri tuweke kila kitu "kwenye wingu". Wingu ni mama wa mtu mwingine, aliye katika chumba nisichokijua. Tunaweka, na tunabaki na zetu pia.

Fundi alifariki mwaka 2019. Wyse yake iko mezani kwangu na bado inawaka, kijani kile kile. Nikiiunganisha na Linux ya leo kwa waya wa zamani, nikaitambulisha kwa jina lake, inapokewa bila kuulizwa maswali, maana orodha ya teminali zinazofahamika bado inalo. Huwa naitumia kuandikia mitihani. Haina mchezo wala video ya kunipotezea muda.

Ijumaa saa kumi, alama za wiki hunakiliwa kwenye diski mweko, na mwalimu wa zamu huipeleka Kisugu kwa dada yangu, ambaye huifungia kwenye kabati la vyombo. Wiki iliyopita mvua kubwa ilinyesha na mwalimu wa hesabu akauliza kama haiwezi kusubiri Jumatatu. Nikampa mwavuli.